Tupime dakika 40 za kipindi, si idadi ya vishikwambi

Mhariri,

Assalaam aleikum.

Kila zinapotajwa skuli zetu na teknolojia, swali la mwanzo linaloulizwa ni moja: skuli ina kompyuta ngapi, ina vishikwambi vingapi? Naomba nafasi gazetini mwako niulize jengine, nikiwa miongoni mwa wanaosomea ualimu na ambao karibuni tutakabidhiwa madarasa ya Unguja na Pemba. Kipindi kina dakika 40, mwalimu ni mmoja, wanafunzi ni 60. Kifaa kikiwashwa, mtoto ataelewa nini ndani ya dakika hizo ambacho kwa chaki na ubao asingekielewa?

Swali likiulizwa hivyo, mahali pa kuanzia kutumia pesa panabadilika. Kifaa kimoja kinachoonekana na kusikika na darasa zima, kilichotayarishwa tangu jana yake na kisichotaka mtandao saa ya kusomesha, kitawafaa watoto wetu kuliko chumba cha kompyuta ambacho ufunguo wake unatafutwa skuli nzima.

Tufanye hesabu. Chukua skuli yenye madarasa 20 na chumba kimoja chenye kompyuta 20. Wiki ina siku tano, siku ina vipindi vinane, jumla 40. Hata chumba kisikae bure kipindi kimoja, na hata apatikane mwalimu wa kukisimamia mfululizo, kila darasa linaambulia vipindi viwili kwa wiki. Katika kila kipindi wanafunzi 60 wanatoka darasani kwao, wanavua viatu mlangoni, wanagawanywa watatu watatu, mashine zinawashwa, mbili tatu zinagoma. Dakika 15 zimekwenda. Zimebaki 25, na katika watatu waliokaa mbele ya mashine anayeshika mausi ni mmoja. Wakipokezana kwa haki, kila mmoja ana dakika nane. Aghalabu hawapokezani: anayeshika ni anayejua, na anayejua ni yule ambaye nyumbani kwao kompyuta ipo. Wengine huishia kutazama bega la mwenzao.

Sisemi vyumba hivyo vifungwe. Wanaosoma somo lenyewe la kompyuta na kulifanyia mtihani hawana njia nyengine. Nazungumzia hisabati, sayansi, jiografia na lugha, masomo ambayo mtoto anayasoma kila siku akiwa amekaa kwenye dawati lake.

Visiwa vyetu vina mfano mzuri wa kujifunzia. Tucheze Tujifunze, kipindi cha redio kilichotungwa kwa ajili ya watoto wa maandalizi, kilitumia chombo rahisi kuliko vyote. Nguvu yake ilikuwa katika kunyamaza. Sauti ya redioni inauliza, inatulia kidogo, watoto wanajibu kwa pamoja, wanahesabu, wanaruka, kisha sauti inaendelea. Redio ilikuwa moja na waliokuwa wakifanya kazi ni watoto wote. Kifaa chochote kinachoingia darasani leo ningekipima kwa kipimo hicho hicho.

Sasa kifaa gani? Wengi hukimbilia projekta, na wengi hudanganyika na boksi. Projekta ndogo za bei rahisi huandikwa maelfu ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, lakini kipimo cha kuaminika ni lumeni za ANSI, zinazopimwa kwa kanuni moja, na kwa kipimo hicho nyingi kati yake hazifiki 300. Darasa letu la kawaida lina madirisha pande mbili na halina pazia. Saa nne asubuhi, chini ya lumeni 3,000 za ANSI, picha haiwi picha, inakuwa kivuli. Isitoshe, projekta ya kawaida lazima ikae mita 3 hadi 4 kutoka ukutani ndipo itoe picha yenye upana wa mita 2. Hiyo ni meza katikati ya madawati, na waya unaopita miguuni mwa watoto; ubandikwe sakafuni kwa selotepu pana, ama siku moja mtoto ataanguka pamoja na projekta. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe unatosha, na ni bora kuliko shuka linalopepea. Kipindi kikimalizika, usikimbilie kuzima swichi ya ukutani. Zima kwa kitufe cha projekta yenyewe, uiache feni izunguke mpaka isimame. Taa ya ndani bado ina moto mkali, na taa nyingi hufa kwa sababu ya haraka hiyo kabla hazijamaliza saa zao.

Televisheni ya LED ya inchi 43 haitaki giza, haina taa ya kubadilisha, na inakula wati 60 hadi 100 pale ambapo projekta inakula 250 hadi 300. Kasoro yake ni udogo. Kioo chake kina kimo cha kama sentimita 54. Ili mwanafunzi wa nyuma asome bila kukunja uso, pima umbali wake kutoka kwenye kioo na ugawe kwa 200: akiwa mita 8 nyuma, herufi iwe na kimo cha sentimita 4. Ukiacha nafasi baina ya mistari, kioo kizima kinabeba mistari minane, basi. Mwalimu anayebandika ukurasa mzima wa kitabu kwenye kioo hicho amesomesha safu mbili za mbele. Dawa ni kwenda siku moja kabla, kukaa dawati la mwisho kabisa la pembeni, na kujaribu kusoma. Herufi zikiwa ndogo, maneno yapunguzwe; watoto wasisogezwe mbele na kubanana sakafuni.

Sauti husahauliwa mpaka mvua inyeshe juu ya bati. Spika za ndani ya televisheni hazisikiki hata kwenye ukimya, sembuse wakati wa masika. Spika ndogo ya wati 10 hadi 20 inatosha, mradi iwekwe kwenye ukuta wa ubavuni, usawa wa katikati ya darasa na juu ya vichwa. Ikiwekwa mbele, walio mbele wataziba masikio na walio nyuma wataomba iongezwe.

Naegemea upande wa televisheni kwa sababu ya umeme. Waliokuwepo Unguja baina ya Disemba 2009 na Machi 2010 hawahitaji kukumbushwa maana ya kutegemea waya mmoja uliolala chini ya bahari. Leo hali ni tofauti: Pemba iliungwa na Tanga mwaka 2010, na waya mpya wa megawati 100 wa Unguja ulianza kazi mwaka 2013. Hata hivyo, kipindi cha dakika 40 hakihitaji miezi mitatu ya giza ili kiharibike. Nusu saa inatosha. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Betri za kawaida za risasi na asidi zikichotwa kupita nusu kila siku umri wake hukatika haraka, kwa hiyo hesabu 600. Inveta, inayoubadilisha umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inakula fungu lake, zinabaki kama 510. Televisheni ya wati 80 na laptopu ya wati 50 zitakwenda karibu saa nne kwa akiba hiyo. Projekta ya wati 300 na laptopu ile ile hazifiki saa moja na nusu. Kwa betri ile ile, huku vipindi vitano na ziada, kule viwili.

Kinachoua vifaa zaidi ya umeme kukatika ni umeme kurudi. Unaporudi, volti hupanda na kushuka kabla ya kutulia, na kifaa kilichoachwa kwenye plagi ndicho kinachopokea kishindo. Mwanafunzi mmoja apewe kazi ya kuchomoa plagi mara umeme unapokatika, na isirudishwe mpaka dakika tano baada ya taa kuwaka. Kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha umeme kinafanya kazi hiyo chenyewe, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na televisheni. Ekstensheni nazo ni balaa la kimya: waya mwembamba uliokunjwa duara na kuachwa chini ya meza hupata joto, na ekstensheni iliyochomekwa kwenye ekstensheni nyengine huungua kwenye soketi. Chumba cha kuchajia vishikwambi 40 hakina mzigo mkubwa, kama wati 400 tu. Hatari yake ni mlolongo wa soketi dhaifu, tena juu ya meza ya mbao.

Halafu kuna Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla ya kutumia. Projekta ya wati 300 inayotumika saa mbili kwa siku, siku 20 za mwezi, inakula yuniti 12. Si nyingi, lakini mwalimu mkuu azinunue kwa fungu gani? Kifaa kinapokabidhiwa kwa hafla na picha, bila ya mstari wa yuniti kwenye bajeti, kinawekwa kabatini siku ya pili, na mwalimu mkuu halaumiki.

Kabatini nako kuna adui mwengine. Skuli nyingi zetu ziko karibu na pwani; upepo wa bahari, wa kaskazi na wa kusi, unaleta chumvi mpaka ndani ya soketi. Ncha za plagi zinafanya ukungu wa kijani, tundu la HDMI, la waya wa picha na sauti, linaanza kugusa na kuachia, na watu husema kifaa kibovu. Kifaa kinachokaa bila kuwashwa miezi mitatu huharibika kuliko kinachotumika kila siku, kwa sababu joto la kufanya kazi ndilo linalokausha unyevu. Basi kiwashwe angalau mara moja kwa wiki, likizo pia, nusu saa. Kikae juu ya rafu, sio sakafuni, kwenye sanduku lenye mfuniko na vipakiti vya kunyonya unyevu kama vile vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Kifunikwe kikishapoa, si kikiwa cha moto. Matundu ya hewa ya projekta yazibwe kwa kitambaa chepesi inapohifadhiwa, kwani mijusi na sisimizi wanapenda sana ule uvuguvugu, na mjusi mmoja aliyekauka juu ya saketi anatosha. Kichujio cha vumbi kisafishwe kila wiki mbili kwa brashi laini. Vishikwambi visiachwe likizo nzima vikiwa na chaji sifuri wala mia kwa mia. Nusu ndiyo salama kwa betri zake.

Mtandao nauweka nje ya darasa kwa makusudi. Filamu ya dakika 10 yenye ubora wa kati ni kama MB 50. Mwalimu akiipakua mara moja, wakaiona wote, zimetumika MB 50. Vishikwambi 40 vikiifungua kila kimoja peke yake ni GB 2 kwa dakika 10, na kwa kasi ya mitandao yetu hakuna hata mmoja atakayeiona mpaka mwisho. Kadi ya GB 32 inabeba filamu 600 za namna hiyo, ambazo ni zaidi ya mahitaji ya mwalimu kwa miaka. Vituo vya walimu vingeweza kuwa ghala: mtandao mzuri mahali pamoja, mwalimu anakuja na kadi yake, anaondoka na masomo ya muhula.

Hapo kuna vijambo vidogo vinavyoangusha kipindi kizima. Televisheni nyingi husoma fleshi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haupokei faili linalozidi GB 4. Filamu zilizobanwa kwa mtindo wa H.265 kwenye televisheni ya zamani hutoa sauti bila picha. Tafuta MP4 ya H.264. Ukimtumia mwenzako filamu kwa WhatsApp kama video, inabanwa na herufi zinakuwa ukungu. Itume kama hati. Na fleshi iliyochomekwa kwenye kompyuta za dukani kwa kutoa kopi mara nyingi hurudi na virusi vinavyoficha mafaili. Mwalimu huona vialama vya njia za mkato, akadhani kazi yake imefutwa, akaisafisha fleshi yote. Mafaili yapo, yamefichwa tu. Yanaweza kurudishwa kabla ya kusafisha, baada ya hapo ni shida.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Niueleze mfano mmoja wa somo kwa ukamilifu, kwa sababu hapa ndipo teknolojia inapofaa au inapopoteza muda: kupwa na kujaa kwa maji. Mtoto wa Kojani, wa Tumbatu au wa Makunduchi anaijua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na anayajua maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, kabla hajaanza skuli. Anajua mama yake atakwenda kwenye mwani siku gani. Asichokijua ni kwa nini, na hicho ubao hauwezi kukionesha vizuri, maana ni kitu kinachozunguka.

Kazi inaanza wiki mbili kabla, bila ya skrini. Wanafunzi wanaoishi karibu na bahari wanaandika kila siku saa ambayo maji yamejaa kabisa, kwa kuangalia nguzo ya gati au mti uliotiwa alama kila sentimita 10, wakiwa na mtu mzima. Anayeishi mbali anamuuliza mvuvi. Daftari lina safu tatu: tarehe ya mwezi mwandamo, saa, na kimo cha maji. Hapo mwalimu ajihadhari na mambo mawili. La kwanza, tarehe yetu ya mwezi inabadilika magharibi, kwa hiyo maji ya usiku ni ya tarehe inayofuata. Mtoto asipoambiwa, safu itajichanganya. La pili ni saa. Mtoto anaandika saa mbili asubuhi kama 2:00, na kompyuta inaelewa ni usiku wa manane umepita saa mbili. Mbaya zaidi, maji yanapotoka saa 12:30 kwenda saa 1:20, kompyuta inaona yamerudi nyuma zaidi ya saa 11, na mchoro unavunjika. Kila saa iongezwe sita kabla ya kuingizwa, ikifika 13 au zaidi itolewe 12, na mchana utenganishwe na usiku. Ni hesabu nzuri ya kuwapa watoto wenyewe.

Siku ya kipindi, dakika tano za mwanzo kioo kimezimwa. Mwalimu anauliza: kutoka maji kujaa leo mpaka kujaa kesho saa kama hizi, yamechelewa kwa muda gani? Madaftari yanafunguliwa. Jibu la wastani litakuwa kama dakika 50, kwani baina ya kujaa na kujaa ni saa 12 na dakika 25. Lakini hazitakuwa 50 kila siku. Karibu na bamvua kuchelewa ni kufupi, karibu na maji mafu ni kurefu, pengine zaidi ya saa. Mwalimu asiyelijua hili atawashuku watoto kwamba wamebuni namba, kumbe wamepima sawasawa.

Ndipo kioo kiwashwe. Filamu au mchoro unaotembea usizidi dakika tatu, sauti imezimwa, na usimamishwe mara mbili. Mara ya kwanza, Jua, Dunia na Mwezi zikiwa mstari mmoja: mwezi mwandamo au mwezi mpevu, mivuto imeungana, bamvua. Mwalimu anasimamisha picha na kuuliza tarehe. Wanafunzi wanaangalia daftari na watagundua kwamba maji makubwa kabisa yalikuja siku moja au mbili baada ya tarehe hiyo. Wanastahili sifa kwa kuligundua, maana filamu nyingi hazilisemi. Mara ya pili, Mwezi ukiwa pembe mraba na Jua: maji mafu.

Filamu hizo zina kosa moja karibu zote. Zinauchora Mwezi ukiwa karibu na Dunia kama jirani wa ukuta kwa ukuta. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,000, na kipenyo cha Dunia ni kilomita 12,742, yaani Dunia 30 zinaingia baina yao. Zima kioo. Chukua chungwa la sentimita 7 liwe Dunia, gololi kubwa ya sentimita 2 iwe Mwezi, na umsimamishe mwenye gololi mita 2 na sentimita 10 kutoka kwa mwenye chungwa. Hakuna programu inayolionesha hilo vizuri kuliko watoto wawili na chungwa. Kisha litakuja swali la mtoto makini: kwa nini maji yanajaa pia upande wa pili, usioelekea Mwezi? Jibu liwe tayari: Mwezi unayavuta maji ya upande wake kuliko unavyoivuta Dunia, na unaivuta Dunia kuliko maji ya upande wa pili, kwa hiyo hayo ya mbali yanabaki nyuma na kuinuka. Dakika za mwisho ni za mchoro wa namba zao wenyewe, uliotengenezwa jana yake kwenye laptopu: mstari unaopanda na kushuka kwa maji ya kijijini kwao. Kwa jumla kioo kimewaka dakika kumi katika 40. Inatosha.

Kuzima sauti nakusisitiza. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 ilipeleka hisabati na sayansi kwenye Kiingereza kuanzia darasa la tano, na filamu nyingi zinazopatikana zinasema Kiingereza cha haraka kwa lafudhi ambayo hata mwalimu humpita. Mtoto anatazama picha nzuri na haelewi neno. Mwalimu aandike ubaoni maneno matano ya lazima na maana zake, kisha aisimulie picha mwenyewe, kwa kasi ya darasa lake. Sauti ya filamu iwekwe mara ya pili, wakiwa wameshajua kinachosemwa. Akiwepo mwanafunzi asiyesikia, filamu yenye maandishi chini ya picha ichaguliwe na yeye akae karibu na kioo.

Swali lije kabla ya picha. Darasa lisiloulizwa kitu kabla ya kuwasha litaangalia kama linavyoangalia mpira. Na wakati picha inakwenda, kalamu chini. Mtoto anayenakili haoni.

Kujua nani ameelewa, kadi nne za rangi kwa kila mwanafunzi zinatosha: nyekundu ni A, njano B, na kuendelea. Wote wanainua kwa pamoja na mwalimu anasoma darasa kwa sekunde tano. Zipo programu zinazotumia kadi zenye alama za kusomwa na kamera ya simu moja ya mwalimu, na hizo zinamwekea kumbukumbu ya kila mtoto. Ni nzuri, ila karatasi iliyofunikwa plastiki ya kung'aa inarudisha mwanga na kamera haisomi, na kidole kikiziba alama mtoto anahesabiwa hayupo. Majina yabaki kwenye simu. Sura za watoto na alama zao zisirushwe kwenye magrupu.

Kuhusu akili mnemba, walimu wengi tayari wanaitumia kutunga maswali, na sioni ubaya. Mwambie ikutungie maswali 20, utabakiza manane. Kila jibu lifanyiwe kazi upya kwa mkono, hasa hesabu, kwa sababu inakosea kwa uhakika ule ule inaopatia. Kiswahili chake mara nyingi ni cha kutafsiriwa, na mambo ya visiwani inayabuni. Kwa insha za nyumbani, badala ya kuwasaka wanaonakili, ni afadhali mada iwe ya kitu kilichopimwa na mtoto mwenyewe, kama daftari la maji nililolitaja.

Ombi langu ni kwa vyuo vya ualimu na kwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Kwa wengi wetu vyuoni, teknolojia ina maana ya sehemu za kompyuta, kuandika barua na kupanga jedwali. Hayo ni muhimu, lakini hayamfundishi mtu kusimama mbele ya watoto 60 akiwa na kioo kimoja, umeme wa wasiwasi na dakika 40. Tupewe nafasi ya kulisomesha somo moja mara mbili, na kifaa na bila kifaa, mbele ya mkufunzi, kisha tulinganishe majibu ya wanafunzi. Na kila kifaa kinachopelekwa skuli kiandamane na fungu la matengenezo, yuniti na betri. Napendekeza moja ya tano ya bei yake kila mwaka, na mwalimu mmoja wa skuli hiyo afundishwe kubadilisha plagi, kusafisha kichujio na kupima betri.

Kuna pia fomu ya kutukagua wakati wa mazoezi ya kufundisha. Pale panapoulizwa kama mwanafunzi wa ualimu ametumia zana za teknolojia, mkaguzi hutia tiki, na tiki hiyo anaipata hata aliyewasha projekta akaiacha iwake bure. Naomba pabadilishwe, paulizwe mambo mawili: watoto waliulizwa nini kabla ya kifaa kuwashwa, na wangapi walijibu sawa baada ya kuzimwa. Ni mistari miwili ya kuongeza kwenye karatasi, na inaweza kuwahi mazoezi ya kufundisha yajayo.

Wasalaam,
Mwanafunzi wa ualimu,
Chake Chake, Pemba